Alama ya Chaki

Nilijifunza kwenye stuli ya baba,
kibarazani Kiusa, nyuma ya majora ya vitenge,
mguu wa kushoto juu ya pedeli ya cherehani mbovu
ambayo kila nilipokaza kidole ilizama,
nami nikazama nayo.

Miezi mitatu nililikumbatia gitaa
kama mtu aliyeficha mkate kwapani,
shingo mbele, mgongo upinde,
macho yakichungulia tundu, yakihesabu nyuzi.
Kodi ya F ilinishinda kuliko kodi ya fremu inavyomshinda baba:
kifundo cha mkono kilijipinda kama bomba la sinki,
usiku kikawaka moto, nikakilaza kwenye maji ya chumvi
nikidhani ndiyo ada ya muziki.

Haikaeli alikuja kupunguza gauni.
Zamani alipiga ridhimu kwenye kumbi za hoteli,
siku hizi anauza vipuri Double Road.
Alisimama amejaa pini, mikono ameitanua,
akaniona ndani ya kioo cha wateja.
"Fundi," akasema, "huyu mtoto unamshonea kibiongo?"

Baba aliinua kichwa.
Kichwa tu.
Miaka thelathini na moja ya kuinamia sindano
imempiga mgongoni mkunjo usiotoka kwa pasi.

Akaja na pini zake, Haikaeli, asinifundishe wimbo hata mmoja.
Alinivuta hadi ukingo wa stuli:
"Kalia mifupa, usikalie nyama."
Akasukumia tofali chini ya pedeli, ikatulia.
Kiuno cha gitaa kikapata paja,
shingo yake ikapanda, kichwa usawa wa bega.
"Usilipelekee uso, lenyewe lije kwako.
Na bega lishushe, hujabeba mkungu."
Kwanza sikuliona tundu, nikaogopa.
Halafu nikalisikia.

Basi nikajiona nimefika,
mpaka sendofu ya binamu yangu Ndeanka, kule Pasua,
ambako wapigaji hawakai.

Niliazima mkanda, nikaliangusha gitaa hadi mapajani
kama wale vijana wa kwenye kalenda.
Mkono wa kushoto ukaenda kubisha hodi
kwenye mlango uliokwisha kuhamishwa.
Kila nilichokijua nikiwa nimekaa
kilibaki kimekaa.

Baba hajui F wala E.
Anajua vipimo.
Akavua futi shingoni:
"Kaa." Kutoka kooni hadi kwenye tundu, inchi kumi na tatu.
"Simama." Inchi ishirini.
"Umelegea saba," akasema, kana kwamba mimi ni suruali.

Alikata mkanda wa kiti cha pikapu iliyokufa gereji ya jirani,
akaushona mara nne, akaupiga chaki ya buluu.
Kaa. Simama. Kaa. Simama, mwanangu.
Akavuta, akapima, akafumua, akashona tena,
mvua ya masika ikitupigia bati,
hadi nikainuka na magoti peke yake ndiyo yakahama.
Gitaa halikujua kwamba nimesimama.

Usiku ule nilipanua miguu kidogo,
sikukaza magoti, sikutazama vidole.
Wimbo wa tatu bega lilianza kuuma;
nikashusha pumzi, nikashusha bega,
nikaipapasa alama ya chaki ilipokuwa.
Nilikosea mara mbili. Shangazi walicheza tu.
Baba alikaa kiti cha plastiki karibu na masufuria,
futi shingoni, amesahau kuivua,
akinipima kwa macho.

Asubuhi nilimkuta ameshainama,
uso karibu na sindano hadi inatisha.
Nikaichomoa ile futi taratibu,
nikapima kutoka kidevuni hadi kwenye kitambaa.
"Inchi ngapi?" akauliza, mguu haukuacha kukanyaga.

Sikumjibu.
Nilitoka uani, kwenye matope,
kutafuta tofali la pili.